Chumvi Iliyochoka: Uchambuzi wa Kisa cha Nyumba ya Jua ya Dover

Mkesha wa Krismasi mwaka 1948, familia ya watu watatu ilihamia katika nyumba mpya ya vyumba vitano huko Dover, mji mdogo jirani na Boston, jimbo la Massachusetts, Marekani. Desemba ya kule maji huganda nje. Nyumba hiyo haikuwa na tanuri la mafuta wala la makaa ya mawe. Ilikuwa na ukuta wa vioo unaotazama kusini, feni, na tani 21 za chumvi iliyofungiwa ndani ya mapipa ya chuma katikati ya kuta. Majira mawili ya baridi yalipita watu wakiota joto la jua lililohifadhiwa ndani ya chumvi hiyo. Katika majira ya tatu chumvi ilishindwa kazi. Baadaye mapipa yakatolewa, pakawekwa tanuri la mafuta kama katika nyumba za majirani.

Nakichambua kisa hiki kwa sababu ya swali moja linaloulizwa sana na wanafunzi wa uhandisi na mafundi wa sola: nitumie dutu gani kuhifadhi joto? Anayeuliza kwa kawaida ameshika jedwali, amepanga dutu kuanzia yenye joto fiche kubwa hadi yenye dogo, na anataka kuambiwa achague ya juu. Kwa jedwali hilo, chumvi ya Dover ingeshinda hata leo.

Joto fiche si jambo geni kwa mtu wa pwani. Mwezi wa Julai, upepo wa kusi ukivuma, mafuta ya nazi huganda chupani asubuhi, na jua likipanda huyeyuka. Wakati yanayeyuka yanameza joto bila kupata moto zaidi. Yakirudi kuganda, joto lile lile yanalirudisha. Dutu yoyote inayoyeyuka na kuganda hufanya hivyo, kila moja kwa nyuzi zake na kwa kiasi chake. Ukipata inayobadilika hali kwenye nyuzi unazozitaka, una ghala la joto lisilohitaji betri.

Aliyeiamini kazi hiyo kuliko mtu yeyote wa zama zake ni Mária Telkes. Alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1900, akapata udaktari wa kemia-fizikia huko huko, kisha akahamia Marekani. MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, kilipoanzisha mradi wa utafiti wa jua kwa fedha za tajiri Godfrey Cabot, naye akajiunga nao. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alibuni chombo cha kupata maji ya kunywa kutoka maji ya bahari kwa jua, kwa ajili ya mabaharia na marubani waliokwama baharini kwenye maboya. Hakuwa mtu wa kubahatisha. Lakini Hoyt Hottel, aliyeongoza mradi wa jua pale MIT, aliishuku chumvi yake tangu ilipojaribiwa chuoni, kwa hiyo nyumba ya Dover ikajengwa nje ya chuo: mchongaji sanamu Amelia Peabody alitoa kiwanja na fedha, na Eleanor Raymond akachora ramani. Wanawake watatu, mwaka 1948, walisimamisha jambo ambalo chuo kizima kilisita kulifanya. Naueleza ushujaa huo kabla sijaeleza kosa, kwa sababu kosa lenyewe lisingejulikana kama wao wasingethubutu.

Mpango ulikuwa hivi. Orofa ya juu, upande wa kusini, iliwekwa vioo vya tabaka mbili vyenye bati jeusi nyuma yake, jumla ya futi za mraba 720, yaani kama mita za mraba 67. Vioo vilisimama wima. Kwa sisi tuliozoea jua la utosini, ukuta wa namna hiyo unaonekana kama umekosewa, lakini Dover iko nyuzi 42 kaskazini ya ikweta, na saa sita mchana mwishoni mwa Desemba jua la kule limeinuka nyuzi 24 tu juu ya upeo. Ukuta wima hulipokea vizuri, na theluji iliyotanda chini huongeza mwanga. Hewa iliyopata moto nyuma ya vioo ilisukumwa na feni hadi kwenye vyumba vitatu vidogo vya kuhifadhia katikati ya kuta, ambamo mapipa ya chumvi yalipangwa. Mchana chumvi iyeyuke, usiku igande na kurudisha joto vyumbani.

Chumvi yenyewe ni sodiamu salfeti yenye maji ndani ya fuwele zake, chembe moja ya chumvi kwa chembe kumi za maji. Watu huiita chumvi ya Glauber, kwa jina la mkemia Mjerumani wa karne ya 17, Johann Rudolf Glauber, ambaye aliipa jina la Kilatini lenye maana ya chumvi ya ajabu. Inayeyuka kwenye nyuzi 32.4 za Selsiasi na kumeza kama kilojuli 250 kwa kila kilo. Ilikuwa bei ya chini, kwa kuwa viwanda vya nyuzi za nguo za reyoni na vya asidi vilikuwa vikiitoa kama mabaki.

Nianze na kile ambacho Telkes alikipatia, nacho ni nyuzi. Chumba kinataka nyuzi 21 hivi. Ghala likitoa joto kwa nyuzi 32, kuna tofauti ya nyuzi 11 ya kulisukuma joto kutoka pipani hadi chumbani, na inatosha. Hewa ya kwenye vioo nayo haihitaji kupanda sana ndipo ianze kuyeyusha. Angechagua nta ya mishumaa inayoyeyuka karibu na nyuzi 60, jua la Desemba lingeifikisha hapo kwa saa chache za siku kali tu, na kadiri bati linavyopata moto ndivyo joto linavyotoroka kupitia vioo. Nyuzi za kuyeyuka huchaguliwa kabla ya kitu kingine chochote, na zikikosewa hakuna sifa nyingine itakayofidia.

Huku kwetu wauguzi wa zahanati wanalijua hili kwa vitendo. Barafu ina joto fiche la kilojuli 334 kwa kilo, zaidi ya chumvi ya Glauber, inapatikana popote penye friza, na haina sumu. Lakini inayeyuka kwenye sifuri, na chanjo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Chanjo zenye alumini, kama ya homa ya ini B na pentavalenti (chanjo moja ya magonjwa matano), zikiganda zimeharibika, hata kama zitaonekana salama. Ndiyo maana muuguzi anayekwenda huduma ya mkoba huzitoa pakiti za barafu kwenye friza, akazisubiri hadi zitoke jasho na maji yasikike yakicheza ndani, ndipo azipange kwenye kibebeo cha chanjo. Subira hiyo ya kila safari inalipia dutu nzuri sana iliyo kwenye nyuzi zisizofaa.

Turudi Dover. Tani 21 za Kimarekani ni kama kilo 19,000. Zidisha kwa kilojuli 250, unapata kilojuli milioni 4.75, sawa na uniti 1,320 za umeme. Nafasi iliyochukuliwa na chumvi peke yake ni kama mita za ujazo 13, chumba kimoja kidogo cha kulala. Maji ya kuhifadhi kiasi hicho hicho, yakipanda na kushuka nyuzi 10 tu, yangehitaji mita za ujazo 113, yaani nafasi ya vyumba kadhaa vya nyumba ile ile. Ukizitazama hesabu hizi kwenye karatasi, ungesaini hundi kama Peabody alivyosaini. Mimi ningesaini.

Sasa tuingie ndani ya pipa, kwa sababu uamuzi mzima uliangukia humo.

Chukua kilo moja ya chumvi ile. Ndani yake mna gramu 441 za sodiamu salfeti kavu na gramu 559 za maji. Ikifika nyuzi 32.4, fuwele zinavunjika na maji yanaachiliwa. Tatizo ni kwamba maji hayo, kwa nyuzi hizo, yanaweza kuyeyusha kama gramu 278 tu za chumvi kavu. Gramu 163 zilizobaki hazina pa kwenda. Zinabaki unga mweupe, mzito karibu mara mbili ya myeyusho unaouzunguka, na zinatuama chini. Kuongeza moto hakusaidii, kwani chumvi hii ina tabia ya pekee: juu ya nyuzi hizo, kadiri maji yanavyopata moto ndivyo yanavyoyeyusha kidogo zaidi. Kwa hiyo neno kuyeyuka linalosomwa kwenye jedwali halielezi kilichotokea. Barafu ikiyeyuka inakuwa maji matupu, kitu kimoja. Chumvi ya Glauber ikiyeyuka inakuwa vitu viwili vilivyoachana.

Usiku unapoingia, unga ule wa chini unatakiwa urudishiwe maji yake, chembe kumi kwa kila moja. Maji yako juu. Mahali unga unapokutana na myeyusho, fuwele mpya huota na kufanya utando mgumu, na utando huo unazuia maji yasishuke zaidi. Chini kunabaki unga mkavu wenye kiu, juu kunabaki maji yaliyokosa chumvi. Asubuhi jua likirudi, utando unavunjika, unga mwingine unatuama juu ya ule wa jana. Anayepika uji anaelewa: ukiacha kukoroga kabla haujashika, unga unakaa chini na juu yanabaki maji. Uji unaweza kuukoroga tena. Pipa la chuma lililozibwa ndani ya ukuta halikorogeki.

Nilitaka kujua hasara hiyo ni ya kiasi gani, nikaipigia hesabu. Tuseme gramu 163 zimekwama kabisa chini, na myeyusho wa juu unapozwa hadi nyuzi 20. Kwa kiasi cha chumvi ambacho maji huweza kukishika kwenye nyuzi hizo, fuwele zinazojijenga upya ni karibu nusu kilo tu kati ya kilo nzima. Nusu ya ghala imepotea, na hata hiyo nusu iliyobaki haitoi joto lake kwa nyuzi 32. Inalitoa kidogo kidogo wakati pipa likipoa kuelekea nyuzi 20, wakati ambapo chumba chenyewe kiko nyuzi 21 na hakiwezi kupokea kitu. Aliyenunua ghala la uniti 1,320 amebaki na ghala lisilofika 660, na sehemu ya hizo haitumiki.

Kuna kasoro ya pili, ambayo Telkes aliishughulikia mapema zaidi. Chumvi hii ikiwa majimaji matupu inaweza kupoa nyuzi 10 au zaidi chini ya 32 bila kuganda, kwa sababu fuwele ya kwanza haina pa kuanzia. Joto limo ndani lakini halitoki. Mwaka 1952 alichapisha utafiti kuhusu dawa yake: boraksi. Fuwele za boraksi zina umbo linalokaribiana na la chumvi ya Glauber, kwa hiyo ukichanganya asilimia chache, zinakuwa mbegu ambayo fuwele nyingine zinaotea juu yake. Kupoa kupita kiasi kunapungua hadi nyuzi mbili tatu. Ugunduzi huo unatumika hadi leo. Ila boraksi inatatua swali la kuanza kuganda; haisemi lolote kuhusu unga uliotuama. Naona mara nyingi watu wakichanganya kasoro hizi mbili, wakitia boraksi na kutangaza kwamba chumvi imepona.

Ya tatu ni mapipa. Chumvi na maji ndani ya chuma, kuyeyuka na kuganda, kuvimba na kusinyaa. Yakaanza kuvuja.

Je, kulikuwa na chaguo lingine? Kalsiamu kloridi yenye maji sita inayeyuka kwenye nyuzi 29 hivi, ina kilojuli kati ya 170 na 190 kwa kilo, na ghala lile lingechukua mita za ujazo kama 17. Nayo huachana ikiyeyuka, ila kwa upole zaidi, na baadaye iliwezekana kuituliza kwa viungo vidogo kama strontiamu kloridi. Kundi la nta lina oktadekani, inayoyeyuka kwenye nyuzi 28 na kutoa kilojuli 244 kwa kilo. Hiyo haiachani hata ikiyeyuka mara elfu, haili chuma, na huganda bila kuhitaji mbegu. Lakini ni nyepesi, ingehitaji mita za ujazo 25, inapitisha joto vibaya, na ikiwa safi bei yake ni kubwa. Tena inawaka. Tani 19 za nta ndani ya kuta za nyumba anayolala mtoto, mimi siziwekei sahihi. Asidi ya kapriki, ya familia moja na zile zilizomo kwenye mafuta ya nazi, ina nyuzi 32 kamili, lakini kilojuli zake ni 153 tu na nafasi ingefika mita za ujazo 35.

Weka namba hizi pamoja na hesabu ya unga uliotuama. Siku ya kwanza chumvi ya Glauber inashinda nta kwa nafasi, 13 dhidi ya 25. Ikishapoteza nusu ya uwezo, inahitaji mita za ujazo 26 kufanya kazi ile ile. Faida yote iliyoifanya ichaguliwe imeyeyuka, na haitagandishwa tena. Jedwali la siku ya kwanza na jedwali la majira ya tatu yana washindi tofauti, na nyumba hujengwa kwa ajili ya majira ya tatu, ya kumi na ya thelathini.

Kuna jambo jingine ambalo wachambuzi wengi wa kisa hiki hulipita, nami nadhani lilichangia. Ghala lilikuwa kubwa mno kwa vioo vilivyokuwepo. Mita moja ya mraba ya kioo wima huko Boston, mwezi wa Desemba, hupata wastani wa uniti 3 kwa siku, ukijumlisha na siku za mawingu. Tukikubali kwamba asilimia 40 inafika kwenye hewa, vioo vyote vinaleta uniti 80 hivi kwa siku. Kulijaza ghala lote, bila mtu kutumia hata chembe ya joto, kungechukua zaidi ya siku 16. Haya ni makadirio yangu, lakini hata ukiyaongeza maradufu picha haibadiliki. Lengo lilikuwa kuvuka zaidi ya wiki nzima ya mawingu bila tanuri, na lengo hilo ndilo lililozaa tani 21. Matokeo ya ghala la namna hiyo ni kwamba mapipa yaliyo karibu na mdomo wa hewa yanayeyuka na kuganda kila mara, ya nyuma yanayeyuka nusu nusu. Chumvi inayoachana ikiyeyuka haifai kuachwa siku nyingi ikiwa majimaji bila kuguswa, kwa sababu unga unapata muda wote unaoutaka wa kutulia chini.

MIT ilipojenga nyumba nyingine ya jua huko Lexington mwishoni mwa miaka ya 1950, ilirudi kwenye maji: tangi la galoni 1,500 hivi, la kuvusha siku chache tu, na tanuri la kusaidia mawingu yakizidi. Haina uzuri wa ndoto ya Dover. Ila maji hayachoki, na fundi bomba yeyote anaweza kuyatengeneza. Ningekuwa nashauri mwenye nyumba wa Dover mwaka 1948, ningesema hivyo hivyo: maji, ghala dogo, na kitu cha akiba. Kama nafasi ya tangi haipo kabisa, chumvi ingewekwa katika mabamba membamba yaliyolazwa, ya kina cha sentimita chache, ili unga usiwe na mbali pa kuanguka na maji yasiwe na mbali pa kurudi.

Njia ya kuongeza maji hadi chumvi yote iyeyuke inajulikana pia. Kilo moja ingehitaji kama gramu 330 za nyongeza. Unga unakwisha, lakini ghala linakuwa zito kwa theluthi moja, na joto linatoka likiwa limesambaa kwenye nyuzi nyingi badala ya kutoka kwa pamoja. Ni kurudi nusu ya safari kuelekea kwenye tangi la maji.

Telkes hakuiacha. Aliondoka MIT mwaka 1953, mafuta yakawa bei rahisi Marekani, na karibu hakuna aliyekuwa na haja ya kulipia jua. Mwaka 1973 alikuwa Chuo Kikuu cha Delaware, kwenye nyumba ya majaribio iliyoitwa Solar One, ambako ghala kuu la joto lilitumia chumvi nyingine, sodiamu thayosalfeti yenye maji matano, inayoyeyuka karibu na nyuzi 48. Na ile ya Dover aliitafutia tiba yake ya mwisho: kuichanganya na udongo wa atapulgaiti hadi iwe nzito kama mlenda, ili unga ushikwe pale pale ulipozaliwa, karibu na maji yake. Mchanganyiko huo ulisaidia sana, ingawa majaribio ya wengine baadaye yalionyesha uwezo ukiendelea kushuka kadiri mizunguko inavyoongezeka. Hataza yake ilitoka mwaka 1976, miaka 28 baada ya mapipa ya kwanza kuingizwa ukutani, yeye akiwa na umri wa miaka 75.